Takataka Hazipotei: Historia ya Mji, Jaa na Afya ya Mtoto Wako

  Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala kunyonyesha. Tutazungumza juu ya kitu unachokishika kila siku na kukisahau mara tu kinapotoka mlangoni. Kitu hicho ni takataka.

Swali letu ni moja tu. Takataka zikiondoka kwako, huenda wapi, na ni nani anayebaki akiishi nazo? Ili tulijibu, itatubidi turudi nyuma kidogo katika historia. Nimechagua jiji la Nairobi kwa sababu mambo yake yameandikwa sana, na kwa sababu miji yetu mingine imefuata njia hiyo hiyo. Hata kama uko Nakuru, Kisumu, Mombasa au katika soko dogo la mashambani, sikiliza. Utauona mtaa wako humu.

Mji uliozaliwa katika kinamasi

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Mahali penyewe palikuwa kinamasi, na jina la mji linatokana na maneno ya Wamasai yenye maana ya maji baridi. Mwaka wa 1900 iliundwa kamati ya manispaa ya kuuangalia mji huo mchanga. Lakini watu walikuja haraka kuliko mitaro. Katika soko la Wahindi maduka na vyumba vya kulala vilibanana, maji machafu hayakuwa na pa kwenda, na uchafu ukarundikana nyuma ya nyumba. Penye mabaki ya chakula huja panya, na panya huja na viroboto wake.

Mwaka wa 1902 ugonjwa wa tauni ulizuka katika soko hilo. Tauni huenezwa na viroboto wanaotoka kwa panya. Wakuu wa wakati huo waliamua kulichoma soko lote moto. Soko lilijengwa tena, na tauni ikarudi tena kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mama, angalia jambo hili vizuri: moto uliunguza mabanda, lakini haukuondoa kilichowaleta panya.

Mwaka wa 1913 aliletwa mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, kuchunguza hali ya usafi. Alizungumza juu ya mitaro na maji, lakini pia alipendekeza watu watengwe kwa rangi, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Basi huduma nazo zikafuata mipaka hiyo. Mitaa ya wakubwa ilipata barabara nzuri, mitaro na watu wa kuzoa taka. Mitaa ya Waafrika, upande wa mashariki, ilipata kidogo sana. Tangu mwanzo, basi, mji wetu ulijifunza tabia moja mbaya, yaani usafi wa mtaa mmoja kuwa uchafu wa mtaa mwingine.

Gari lilipokuwa linakuja

Nairobi ilipewa hadhi ya jiji mwaka wa 1950, na baraza la jiji, au kanjo kama tulivyozoea kuliita, likaendelea na kazi ya kuzoa taka baada ya Uhuru. Wazee wa mitaa kama Jericho na Makadara watakueleza kwamba kulikuwa na siku ya gari la taka, na likaja kweli.

Lakini tazama hesabu ya watu. Mwaka wa 1969 Nairobi ilikuwa na watu 509,286. Mwaka wa 1979 walifika 827,775. Mwaka wa 1989 walikuwa 1,324,570, na mwaka wa 1999 wakafika 2,143,254. Katika miaka 30 jiji liliongezeka zaidi ya mara nne. Magari ya taka hayakuongezeka mara nne. Mengi yaliharibika yakalala karakana, na hata fedha za mafuta zikawa shida. Mwaka wa 1983 serikali ililivunja baraza na kuweka tume ya jiji, iliyokaa hadi mwaka wa 1992. Katika miaka hiyo kampuni za watu binafsi zilianza kuzoa taka katika mitaa yenye pesa. Mwenye uwezo alilipa, taka zake zikaondoka. Asiye na uwezo alibaki na rundo kando ya njia.

Kuna jambo jingine pia. Mitaa mingi ya mabanda haina barabara ya kupita lori. Hata baraza lingekuwa na magari mia, yasingeingia Korogocho ndani wala Kibera ndani. Ndiyo maana nasema shida ya taka si ya magari peke yake. Ni shida ya namna mji ulivyojengwa.

Jaa la Dandora

Sasa twende taka zinakokwenda. Katikati ya miaka ya 1970, Dandora ulikuwa mtaa mpya. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wa mapato ya chini walipewa viwanja vyenye maji na choo ili wajijengee nyumba. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini wakati huo huo baraza lilianza kumwaga taka za jiji katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, karibu na nyumba hizo, ukingoni mwa Mto Nairobi. Shimo lilijaa, likawa kilima. Kilima kikawa milima, na jaa likaenea ekari zaidi ya 30. Mwaka wa 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Zaidi ya miaka 20 baadaye malori yalikuwa bado yanapanga foleni kumwaga.

Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa Nairobi, lilitoa ripoti juu ya jaa hilo. Uchunguzi uliongozwa na Mkenya, Njoroge Kimani. Watoto 328 wa umri wa miaka 2 hadi 18 walipimwa. Karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha maikrogramu 10 au zaidi kwa desilita moja. Wengi pia walikuwa na magonjwa ya kifua. Udongo wa karibu na jaa nao ulikuwa umejaa madini hayo.

Mama, risasi hii ninayoitaja ni yale madini yaliyoipa risasi ya bunduki jina lake. Hutoka katika betri za magari, rangi kuukuu na vifaa vya umeme. Vitu hivi vikivunjwa au kuchomwa, vumbi lake huingia katika udongo, hewa na maji. Mtoto mdogo hutambaa, hula udongo na kutia mikono mdomoni. Mwili wake hunyonya risasi kwa urahisi kuliko mwili wa mtu mzima. Madini hayo hupunguza damu, hudumaza ukuaji na huharibu ubongo unaokua. Mtoto huwa mzito kujifunza, au huwa hatulii darasani, na mwalimu hudhani ni utundu. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi hakuna homa wala kikohozi cha kukuonya. Wakati ule kiwango cha 10 ndicho kilichohesabiwa kuwa cha hatari. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na linashauri hatua zichukuliwe kuanzia kiwango cha 5.

Watoto wale 328 hawakutupa taka zote zile. Maganda, betri na mifuko ilitoka katika nyumba za jiji zima. Nyumba hizo zilibaki safi, na watoto wa Dandora na Korogocho wakabeba mzigo katika damu yao.

Kuhamisha si kupunguza

Utasema, basi jaa lihamishwe. Ni neno la haki, na wakazi wa Dandora wana haki ya kulidai. Lakini historia inatuonya. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na mpango wa kujenga jaa jipya Ruai. Wasimamizi wa viwanja vya ndege wakalikataa, kwa kuwa ndege wanaofuata taka wangehatarisha ndege za abiria za Embakasi. Mombasa ilikuwa na jaa la Kibarani, kando ya bahari, hapo hapo mgeni anapoingia kisiwani. Mwaka wa 2018 lilifungwa na pakapandwa miti, na hilo lilikuwa jema. Lakini taka za Mombasa hazikukoma siku hiyo. Zilipelekwa Mwakirunge, upande wa Kisauni, na huko nako kuna akina mama na watoto.

Jirani zetu wa Uganda walipata msiba mkubwa zaidi. Jaa la Kiteezi lilifunguliwa mwaka wa 1996 kwa ajili ya jiji la Kampala. Lilirundikwa mwaka baada ya mwaka mpaka likawa mlima juu ya nyumba za watu. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo uliporomoka. Zaidi ya watu 30 walikufa, na watoto walikuwamo.

Kwa nini jaa huwa mlima na kuwaka moto? Jibu liko jikoni kwako. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu vinavyooza, yaani maganda ya viazi na ndizi, majani ya sukuma wiki, mabaki ya ugali na githeri. Vikifunikwa chini ya plastiki pasipo hewa, hutoa gesi ya methani, ambayo hushika moto. Ndiyo maana jaa hutoa moshi mchana na usiku. Maji ya mvua yakipita humo hutoka meusi, yamebeba sumu, yakaingia mtoni. Kitu ambacho kingekuwa mbolea shambani kimegeuka moshi katika kifua cha mtoto.

Tufanye hesabu ndogo. Mtu mmoja wa mjini hutoa karibu nusu kilo ya taka kwa siku. Nyumba ya watu watano hutoa kilo mbili na nusu. Kwa mwaka hizo ni zaidi ya kilo 900, na zaidi ya nusu ni za kuoza. Haba na haba hujaza kibaba, na hata jaa hujazwa hivyo hivyo.

Mambo yaliyowahi kufaulu

Tusikate tamaa, kwa maana historia ina mambo mema pia. Kumbuka mifuko myepesi ya plastiki. Mwaka wa 2005 marehemu Profesa Wangari Maathai alieleza kwamba mifuko hiyo ikitupwa ovyo hushika maji na kuwa mazalio ya mbu. Serikali ilijaribu kuipunguza mwaka wa 2007, na tena mwaka wa 2011, lakini haikufua dafu. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku kamili ilianza kutumika, na kosa likawekewa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Wengi walisema hatutaweza. Akina mama wakarudi kwenye vikapu na kiondo. Hakuna lori hata moja lililohitajika kuondoa mifuko ambayo haikutengenezwa.

Uganda nayo, pamoja na msiba wake, ina funzo jema. Miji kama Mukono, Mbale, Jinja na Fort Portal ilijengewa viwanja vya kutengeneza mboji kwa msaada wa Benki ya Dunia. Taka za masokoni na majumbani hurundikwa kwa mistari, hugeuzwa ili zipate hewa, na baada ya wiki kadhaa huwa mbolea ya kuuzia wakulima. Shida kubwa waliyoipata ni kwamba taka zilifika zimechanganyika. Ilibidi watu waketi kutoa vioo na plastiki kwa mkono. Hapo ndipo tunaona kwamba kiwanja cha baraza hakifanyi kazi pasipo ndoo mbili za nyumbani, na ndoo mbili za nyumbani hazina maana ikiwa lori litakuja kuzichanganya tena.

Baraza linaweza kujenga nini?

Mabaraza ya zamani ya miji yalikwisha. Kwa Katiba ya mwaka wa 2010, kazi ya kuzoa na kutupa taka ni ya kaunti, na kaunti zilianza kazi mwaka wa 2013. Mwaka wa 2022 ikapitishwa sheria ya usimamizi endelevu wa taka. Sheria hiyo inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka, za kuoza kando na zisizooza kando, na inazitaka kaunti ziweke vituo vya kuchambua na kurejesha taka katika matumizi. Kwa hiyo unapodai mambo yafuatayo huombi hisani:

Kwanza, kituo cha kuchambulia taka karibu na mtaa, chenye paa, sakafu ya saruji, maji na glavu za wafanyakazi. Vijana wenye mikokoteni huingia mahali lori lisipopita, wakaleta taka hapo. Chupa, vyuma na karatasi huuzwa. Kinachobaki ndicho hupelekwa jaani.

Pili, kiwanja cha mboji karibu na soko. Masoko kama Wakulima, Kongowea na Kibuye hutoa mizigo ya majani na matunda yaliyooza kila siku. Hizo hazina sababu ya kusafiri hadi jaani.

Tatu, mitaro inayopitisha maji na kufunikwa vizuri, pamoja na vioski vya maji safi. Mtaro ukizibwa na taka, mvua huleta maji ya choo hadi mlangoni, na kipindupindu hufuata. Mombasa ilipata milipuko ya homa ya dengi na chikungunya miaka ya nyuma, na mbu wa magonjwa hayo hupenda kuzaa katika makopo na tairi zenye maji.

Nne, jaa la kisasa kwa kile kidogo kinachobaki. Chini huwekwa tabaka la udongo wa mfinyanzi na turubai nzito, ili maji machafu yasizame ardhini. Mabomba huyakusanya maji hayo, na gesi huvutwa. Taka hufunikwa kwa udongo kila siku, na makazi ya watu hukaa mbali.

Lakini nikwambie ukweli. Jaa la kisasa bila yale matatu ya kwanza litajaa kama la Dandora lilivyojaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu ni wa fedha nyingi.

Kazi yako, mama na mlezi

Anza na ndoo mbili, moja ya kuoza, moja ya vikavu. Ukiwa na nafasi, hata gunia la mchanga lenye sukuma wiki, mboji yako itafaa hapo. Kama wapangaji wote wa ploti mtakubaliana, mwambieni mwenye nyumba aweke mapipa mawili makubwa.

Usichome plastiki, wala usiwashe jiko kwa plastiki. Moshi wake hudhuru kifua cha mtoto. Betri, balbu na dawa zilizopitwa na wakati zisitupwe pamoja na maganda. Uliza kituo chako cha afya namna ya kurudisha dawa na sindano. Nepi iliyotumika, toa choo uitupe chooni kwanza, kisha uifunge vizuri. Kinyesi cha mtoto hueneza maradhi sawa na cha mtu mzima.

Mkiishi karibu na jaa au karibu na karakana ya betri, nawa mikono ya mtoto kabla ya kula, panguza sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi, na viatu vibaki mlangoni. Mpe vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi kama maharagwe, omena, mboga za majani na maziwa, maana mtoto aliyepungukiwa na madini hayo hunyonya risasi zaidi. Mweleze muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii mahali mnapoishi, hata kama mtoto haonekani mgonjwa.

Mwisho, nenda mkutanoni. Kila baada ya miaka mitano kaunti huandika mpango wake wa maendeleo, na kila mwaka huandika bajeti. Sheria inasema wananchi wasikizwe. Mara nyingi mikutano hiyo hujaa wanaume wanaozungumza juu ya barabara. Ingia na mtoto wako mgongoni, uulize mwakilishi wadi maswali matatu: Taka za mtaa wetu huenda wapi? Kituo chetu cha kuchambua taka kimetengewa pesa ngapi? Na taka tulizotenganisha zitabebwa namna gani zisichanganywe tena?

Mambo ya kukumbuka

Kuhamisha taka si kupunguza taka, na kila jaa liko karibu na mtoto wa mtu. Zaidi ya nusu ya taka ni chakula cha udongo. Madini ya risasi hayana dalili za mapema. Sheria iko upande wako.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Taka za mtaa wenu huzolewa na nani, na humwagwa wapi?
2. Katika ploti yenu, ni nini kinachoweza kutenganishwa kuanzia wiki hii?
3. Ni nani kati yenu atakayekwenda katika mkutano ujao wa bajeti, na ni nani atakayemsaidia kulea watoto siku hiyo?